Ukuta wa Bibi Stoyna Wapoa

Saa tatu asubuhi, fundi umeme Zdravka Mineva hajafungua hata sanduku la vifaa. Amebandika kiganja ukutani, nyuma ya kabati la vyombo, kama mtu anayempima mtoto homa. Barazani, jiko la umeme la kuchomea pilipili hoho linanguruma.

"Zima hilo jiko, shangazi," anamwambia mwenye nyumba. "Ukuta unapika kuliko lenyewe."

Ni Septemba mjini Yambol na ghorofa zima linanuka pilipili za kuchoma. Bibi Stoyna Karadzhova, miaka 74, ana kilo arobaini zinazongoja kusagwa na kuwekwa kwenye chupa za majira ya baridi. Tatizo ni umeme.

Mwanzo ulikuwa unakatika kila akiwasha jiko. Fundi wa kwanza akasema hakuna shida, akamfungia swichi kuu kubwa zaidi, isiyokata umeme upesi. Kweli, umeme haukukatika tena, ila nyumba ikaanza kunuka plastiki. Fundi wa pili akasema bomoa kuta zote, nyaya zote zing'olewe. Mtoto wake aliyeko mji mkuu, Sofia, aliposikia hivyo akamwambia: funga nyumba, hamia kwangu.

"Mmoja anasema lala usingizi, mwingine anasema bomoa," Bibi Stoyna analalamika. "Wewe wa tatu utanipeleka wapi, makaburini?"

"Sikupeleki popote. Nipe kahawa na nusu saa."

Mlangoni kasimama jirani, mzee Gencho, na kandambili zake. "Kwani mafundi wameisha mpaka tunaita wanawake?"

"Mafundi wameisha, mzee Gencho," Zdravka anajibu bila kugeuka. "Tumebaki wanawake."

Zdravka ana miaka 52. Alikuwa anafuma nguo kiwandani, na kila mashine ikigoma alikuwa anamganda fundi umeme, anamuuliza maswali mpaka anamchosha. Kiwanda kilipofungwa akaenda kusomea kazi hiyo, akapata cheti. Ana miaka 23 kazini. Mwezi mzuri nyumba ishirini, mwezi mbaya nne.

"Napokea simu, mtu ananiambia mpe fundi niongee naye," anasema, anacheka. Ndiyo maana gari lake bado limeandikwa jina la kaka yake, Todor, ambaye yuko Ujerumani mwaka wa tisa sasa.

Zdravka anazima umeme wote, anapima kwa testa mara mbili, halafu anauliza: "Jiko la kupikia lilikuwa huku ndani zamani, siyo?"

"Marehemu mume wangu alilihamishia barazani, akaizungushia vioo. Si kila mtu alihamisha?"

Kila mtu, ndiyo. Zdravka anachana kwa kisu karatasi ya mapambo ya ukutani, pale penye joto.

"Hapo hapana kitu!" Bibi Stoyna anapaza sauti. "Ukuta huo aliubandika mwenyewe!"

Chini ya karatasi kuna kifuniko cha boksi la kuungia nyaya. Ndani yake, waya wa shaba umesokotwa moja kwa moja na waya wa zamani wa alumini, na mkanda uliozungushiwa umeyeyuka, mweusi kama lami.

Bibi Stoyna anakaa kwenye kiti. "Alikuwa fundi wa kila kitu," anasema polepole.

"Na kwa taa na redio ilitosha, shangazi. Hakujua kwamba shaba na alumini zikikumbatiana hivyo zinachomana. Nusu ya mtaa walifanya hivi hivi." Halafu anakaza sauti. "Ila swichi ndiyo mlinzi wako. Huyo wa kwanza kamfumba mlinzi macho."

Na wa pili? Zdravka anafungua maboksi mengine manne, moja moja. Yote mazima. Hakuna ukuta wa kubomoa. Anakikata kiungo kilichoungua, anavuta waya mpya wa shaba kutoka kwenye mita hadi barazani, wenye swichi yake, na swichi kuu anairudisha kwenye kipimo cha zamani.

Saa tisa alasiri Bibi Stoyna anawasha jiko la pilipili kwa mkono wake, na oveni pia. Dakika ishirini zinapita. Swichi haijaruka. Mzee Gencho ndiye anayebandika kiganja ukutani.

"Baridi," anasema. "Baridi kama miguu ya mke wangu."

Bibi Stoyna anampigia mtoto wake: "Siji! Wewe ndiye uje, ulete chupa tupu!"

Zdravka akishuka ngazi, mzee Gencho kashamtangulia. Mlangoni mwa jengo, kwenye ubao ambao kwa kawaida hubandikwa matangazo ya vifo, kabandika karatasi: wanaomtaka fundi wajiandikishe. Jina la kwanza ni lake. Kufikia jioni yako kumi na moja.

Zdravka anataka kuzimaliza nyumba zote za jengo hili kabla ya pilipili za mwakani. Lakini kuna kazi moja itatangulia, nayo ni ya Jumamosi. Ameshanunua rangi nyeupe ya kufuta jina la kaka yake ubavuni mwa gari, na nyekundu ya kuandikia lake.

"Todor nimeshamwambia," anasema. "Ameniuliza tu: herufi kubwa kiasi gani? Nikamwambia, zionekane mpaka huko uliko."