Mellen Atafuta Toba Migori

Mellen alianza kufikiria sana habari ya vyoo siku walipomzika mama mkwe wake. Wageni walijaa boma mpaka kwenye mahindi, na choo kilikuwa kimoja tu, cha shimo, mlango wake gunia. Foleni ilipita jikoni ikazunguka hema. Kasisi mgeni, mtu mnene wa heshima zake, alisimama humo kwenye foleni akijifanya anaangalia ng'ombe.

Hema lilikuwa la Mellen, na viti vilikuwa vyake pia. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mjini Oyugis kwa miaka mingi: kukodisha mahema na viti kwa matanga na harusi, na kuvipeleka kwa pikapu yake aliyoiendesha mwenyewe. Kesho yake asubuhi, wakikunja hema, alimwambia mumewe, Cephas, "Baba Jeff, watu wetu tunawapa pa kukaa. Pa kwenda hatuwapi."

Cephas alikuwa mwalimu mstaafu, mwimbaji wa besi kanisani, na mtu wa kupiga pasi hata leso ya mfukoni. Alielewa mara moja, na hakupenda alichoelewa.

"Mama Jeff, unataka tuitwe watu wa choo?"

"Watu wote ni wa choo. Wengine wako tu kwenye foleni."

Haikupita muda mrefu kabla hajapata alichotaka. Karibu na Migori kulikuwa na kambi ya watengeneza barabara waliomaliza kazi yao na kuuza vitu. Kati ya vitu hivyo palikuwa na trela nyeupe yenye vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, tangi la maji, sinki ndogo na hata kioo. Mellen alijitazama kwenye kioo hicho akaona mtu mwenye choo chake cha magurudumu. Akanunua.

Kilichobaki ni kuifunga trela nyuma ya pikapu, na pikapu haikuwa na cha kufungia. Chuma hicho cha kuvutia trela, wenye magari wa huku kwetu hukiita toba. Jirani yao Oyugis, mchomeleaji aitwaye Fanuel, alisema toba si kitu cha kusumbua mtu. Alitafuta tufe la chuma, akalichomelea katikati ya bampa, akalipaka rangi ya fedha, na pikapu ikapendeza kama imevaa hereni. Mellen na Cephas wakashika njia kwenda kambini.

Trela ilifungwa. Mlango wa choo cha wanaume ukawa unapigapiga, na Mellen akamwomba mumewe aingie aushike mpaka wafike langoni, hapo si mbali, ndipo watafute kamba. Cephas akaingia. Mellen akatia gia, akapanda kilima kidogo cha kambi, na pale juu akasikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka. Pikapu ikawa nyepesi ghafla. Alipotazama kioo cha pembeni aliona bampa yake ikirudi chini ya kilima, imening'inia kwenye choo, na choo kinakwenda taratibu, bila haraka, kama mgeni aliyeaga vizuri.

"Baba Jeff!" alipiga kelele. "Toka!"

"Nitatokaje na kinatembea?" sauti ya besi ilijibu kutoka ndani.

Mlinzi wa kambi alikimbia kando yake akikiamuru kisimame. Kilisimama kilipotaka, ndani ya shamba la nyasi za kulisha ng'ombe. Mlango ukafunguka, Cephas akatoka akiwa mzima kabisa, suruali imelowa maji ya buluu ya tangi, yenye dawa ya choo, mkononi ameshika karatasi ya choo ambayo hata yeye hakujua ameishika kwa nini. Mellen alitaka kulia, akamwangalia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Cephas hakucheka. Alipanda gari la abiria kurudi Oyugis, akakaa dirishani, hakumpungia mkono.

Hapo ndipo Mellen alipoacha mchezo. Aliiacha trela kwa mlinzi, akaingia Migori mjini kwenye duka la vipuri la Abdirashid, mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, anayeuza vyuma vya magari ya kila ukoo.

"Ndugu yangu," Mellen alisema akihema, "nimekuja kutafuta toba."

Abdirashid aliweka chini kikombe chake cha chai. "Mama, toba ni kwa Mwenyezi Mungu. Mimi nauza vyuma."

Watu dukani wakaangua kicheko, na Mellen akawasaidia kucheka. Walipotulia, Abdirashid akamuuliza trela yake ina uzito gani. Mellen hakujua. Akamuuliza kikombe cha trela, kile kinachofunika tufe, kina upana gani. Hakujua pia.

"Basi sikuuzii," alisema Abdirashid. "Nikikuuzia leo, kesho utarudi kunitukana, na wewe naona unajua kutukana."

Kwa hiyo choo kilipelekwa kupimwa. Mellen alimbembeleza dereva wa trekta la miwa, naye akakivuta mpaka kwenye mizani ambako matrekta yalikuwa yamepanga mstari na mizigo yao. Madereva walishuka wote kuja kutazama.

"Mama, hii miwa yako ni ya aina gani?"

"Ni ile ambayo imeshaliwa," Mellen alijibu, na mstari wote ukavurugika kwa vicheko. Alimwaga maji yaliyobaki, akapima trela tupu, kisha akaomba maji mengine, akajaza tangi, akapima tena. Tofauti ilimshtua. Maji peke yake yalikuwa na uzito wa ng'ombe. Sasa alielewa kwa nini bampa, ambayo ni bati tu lililokunjwa, ilikubali kushindwa.

Alirudi dukani na uzito kichwani na upana wa kikombe ameukata kwenye uzi. Abdirashid akamtolea toba tatu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, imepakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Ya pili ilikuwa na kulabu nene ya lori, na hiyo Mellen aliipenda papo hapo.

"Hii itavuta choo changu na cha jirani."

"Itavuta," alisema mtu nyuma yake. "Lakini kikombe chako kitaishika wapi? Hicho kinataka tufe, si kulabu."

Aliyesema alikuwa Robi, fundi wa kike, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, aliyevaa ovaroli na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Kazi yake ilikuwa kufunga vyuma vilivyouzwa na Abdirashid, na pia kubishana na wateja wake. Mellen aliiangalia ya tatu: nyeusi, haina urembo, mikono yake miwili mirefu ya kushika chesisi, ule mfupa wa gari, kushoto na kulia, na kibao kidogo kilichoandikwa uzito inaoweza kuvuta. Uzito huo ulizidi ule wa choo kilichojaa maji. Uzi wake ulilingana na tufe.

"Ni mbaya kama mjomba wangu," Mellen alisema. "Nifungie."

Robi aliingia chini ya pikapu. Mellen akajifunga leso vizuri, akaingia naye.

"Mama, wewe kaa nje, utachafuka."

"Ile ya kwanza nilikaa nje. Nilichafuliwa mume."

Robi alicheka mpaka nyundo ikamtoka. Kisha akagonga chesisi pole pole, akisikiliza. Upande mmoja ulilia vizuri, upande wa pili ulitoa sauti ya kopo, na kutu ikamwagika. Mellen alisema watoboe tu, watatia bolti, watakwenda. Robi akakataa, akasema bolti nzuri kwenye chuma kibovu ni kama meno ya bandia kwenye uji. Walibishana wakiwa wamelala chali, pua karibu zigusane na tangi la mafuta, na mwishowe Mellen akakubali chesisi ishonwe kwanza kwa kipande kipya. Alilala kwa binamu yake akisubiri.

Chesisi ilipokuwa tayari, Robi alitoboa kwa drili, akaingiza bolti nene, akakaza nati kwa spana ndefu huku Mellen amening'inia kwenye mpini kuongeza uzito. Wakaenda kambini, ambako trekta lilikuwa limekirudisha choo, wakafunga plagi ili taa za trela ziwake pamoja na za gari, na minyororo miwili iliyopishana chini, ya kushika trela kama kikombe kitaruka siku moja. Jambo moja Mellen aliliona mwenyewe: trela ilikuwa imeinama nyuma, na sinki ikitaka kumwaga. Robi akashusha tufe kidogo, kisha wakahamisha tangi la maji likae mbele zaidi, maana trela nzito nyuma hutingisha mkia barabarani. Safari hii kilima cha kambi kilipandwa na kushukwa, na choo kikamfuata Mellen mpaka Oyugis kwa adabu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mahari, bonde la Lambwe. Marion, mama wa msichana, alikuwa anangojea wakwe kutoka Ukuria na hakutaka waone choo chake cha mlango wa gunia. Cephas alikubali kwenda baada ya kubembelezwa sana, kwa sharti kwamba atakaa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya kufika walikuta basi dogo limezama kwenye udongo mweusi, na wazee waliovaa makoti wamesimama kando wakiangalia viatu vyao. Ndio walikuwa wakwe.

Mellen aliegesha mahali pakavu, akafungua trela, akamwacha Cephas ailinde, akarudisha pikapu hadi kwenye basi na kuzungusha kamba kwenye toba. Alivuta pole pole. Matope yalimrukia kila aliyesogea kutoa ushauri. Basi lilipotoka, aligeuka kuwatafuta wazee wapande, na hakuwaona.

Walikuwa kwenye foleni. Mzee Gisiri, mjomba wa bwana harusi, ndiye aliyetangulia. Safari ilikuwa ndefu. Na Cephas, aliyeogopa kuitwa mtu wa choo, alikuwa amesimama mlangoni na sauti yake ya darasani imerudi yote.

"Mstari mmoja, tafadhali! Mikono inaoshwa pale! Mzee, karatasi hii hapa."

Marion, aliyekuja kwa miguu kujua kwa nini wageni wamechelewa, aliwakuta wakwe zake hivyo, porini, wakipokezana sinki. Alisimama, akashika kiuno.

"Karibuni," alisema. "Nyumbani ni huko mbele kidogo."

Mzee Gisiri alimjibu kwamba ukoo unaompokea mgeni na choo kabla hajafika hauwezi kuwa na binti mbaya. Mazungumzo ya mahari, walivyosimulia baadaye, yalikwenda laini.

Shida ilikuja jioni, Mellen alipotaka kurudi kinyumenyume kutoka bomani. Hakuna aliyemwambia kwamba trela inataka usukani ugeuzwe upande mwingine. Kila alipokata kushoto, choo kilikwenda kulia, kikaelekea kwenye migomba. Wanaume wa koo mbili walipiga kelele za maelekezo, kila mmoja na lake. Mwishowe aliifungua trela, wakaisukuma kwa mikono mpaka barabarani wakiimba.

Siku hizi anaitwa kila mahali kati ya Oyugis na Homa Bay, na Cephas ana kofia ya kazi aliyoichagua mwenyewe. Lakini Mellen hakutulia. Kila alipopata nafasi alikwenda uwanja wa mpira, akapanga viti vyake viwe lango, akajifunza kurudi nyuma katikati yake. Vingi vilivunjika. Halafu kukawa na harusi upande wa Asumbi, na lango la bustani lilikuwa jembamba. Vijana walikuja mbio kusukuma. Akawafukuza kwa mkono. Alikata kulia, choo kikaenda kushoto kama alivyotaka, kikapita katikati ya nguzo bila kuzigusa, kikalala sawa kando ya ukuta. Alizima injini akabaki ameshika usukani, akijichekea peke yake, mpaka bibi harusi akaja kugonga dirisha, gauni amelishika juu, akiuliza kama choo kimefunguliwa.