Msahihishaji Hajawahi Kufika Mpanda

Wenzangu wa kidato cha kwanza walicheza mpira nyuma ya soko la Kashaulili mpaka giza liwafukuze. Mimi nikitoka shule nilikuwa naingia ndani kama kuku anayewahi mvua. Dada yangu, aliyenizidi miaka minne na maneno elfu nne, aliniita mwali, ingawa nilikuwa mvulana na sauti imeshaanza kuwa nzito. "Mwali amerudi," angetangaza nikivuka kizingiti. "Shusheni pazia, wachumba wasimuone." Sikubisha. Jikoni kulikuwa na kivuli, kulikuwa na mihogo ya kuchemsha, na kulikuwa na mama, ambaye alikuwa anayajibu maswali yangu yote hata yale asiyojua majibu yake.

Mwaka huo maswali yalikuwa mengi, kwa sababu ya Kiingereza. Miaka saba ya shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari moja tukavaa suruali ndefu, tukaambiwa kuanzia leo hata mmea utakunywa maji kwa Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kaskazini, wa upande wa milimani, na kwa mazoea ya kwao alivaa sweta katika joto la Mpanda mpaka tukamhurumia. Kila Ijumaa alichora boksi ubaoni, akalijaza maneno kama ishirini, na chini yake akaandika sentensi kumi, kila moja ina pengo. Kazi yetu ilikuwa kuchagua neno kutoka kwenye boksi na kulipeleka kwenye pengo lake. Aliita hiyo kazi nyepesi, ya kuwapasha misuli watoto.

Mimi niliipenda sana. Nilikuwa nalitazama lile pengo, kimstari kimelala peke yake, na kuhisi kama sentensi imefungua mdomo inasubiri kulishwa. Nilitaka kujua inataka chakula gani na kwa nini kingine ikiteme. Ijumaa moja katikati ya mwaka, jaribio lilipohesabiwa kwenye maendeleo ya muhula, nikapata tatu kati ya kumi.

Tatu! Na nilikuwa nimejaza kwa raha kabisa.

Sentensi ya kwanza ilisema "Hippos live in", kisha pengo. Viboko wanaishi wapi? Kwenye boksi kulikuwa na "water", maji, na "mud", matope. Nikaandika matope. Ya pili ilisema "Honey comes from", kisha pengo. Asali inatoka wapi? Kulikuwa na "bees", nyuki, na "trees", miti. Nikaandika miti. Zote mbili zilirudi na mkasi mwekundu, alama ya kukosa.

Baba alikuwa mrina asali. Alikuwa anaondoka na baiskeli kwenda misitu ya Ugalla, anakaa wiki mbili tatu, anarudi ananuka moshi. Siku hiyo alikuwa nyumbani. Aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Tatu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kumi."

"Ndiyo, baba."

"Basi sikiliza, bwana mdogo. Mtihani wa mwisho wa mwaka usipopata saba, Januari unaenda Tabora kwa shangazi yako. Utarudia kidato cha kwanza kule. Tabora ni mji mkubwa, Kiingereza kinapita barabarani, utakiokota hata ukiwa umelala."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilihisi sakafu imehama. Shangazi wa Tabora nilikuwa nimemuona mara mbili, na mara zote mbili alinituma dukani. Nyumba yake haikuwa na jiko la nje. Nani angenijibu maswali? Nani angenimenyea muhogo?

Lakini pamoja na hofu hiyo, kitu kingine kilikuwa kinanichoma zaidi, nacho ni kutaka kujua matope yalikosea nini. Ziwa la Katavi likikauka mwezi wa kumi, viboko wanabanana kwenye tope kama viazi kwenye gunia. Wavulana wa darasani waliokwenda na malori ya mkaa walikuwa wanatusimulia. Nikamuuliza mama.

"Viboko?" Mama ni Mpimbwe, kwao ni Usevya, kwenye mashamba ya mpunga. Aliacha kupepeta. "Viboko wanaishi kwenye mpunga wa kwetu, baba." Aliniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Kaandike hivyo. Huyo mwalimu angelala usiku mmoja kwenye dungu anapiga debe kuwafukuza, asingeuliza tena."

"Neno mpunga halikuwepo kwenye boksi, mama."

"Basi boksi lenyewe ndilo limekosea."

Kuhusu asali, baba ndiye aliyekasirika, na si kwangu. Aliponisikiliza vizuri aligundua kwamba jibu nililokatiwa lilikuwa lake. "Nyuki ni wachukuzi tu," alisema. "Mwaka ambao miti haikutoa maua, nyuki si wapo? Wamejaa tele! Na asali hakuna. Asali inatoka kwenye mti, na mzinga uko juu ya mti. Huyu mwalimu asali anaijua ya chupa."

Jumatatu akavaa shati la kanisani, tukaenda naye shule. Nilitembea hatua kumi nyuma yake, nikijifanya tumeelekea njia moja kwa bahati mbaya.

Mwalimu alitupokea chini ya dirisha la ofisi, sweta lake mwilini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuhusu viboko."

Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Na kuhusu asali," baba akaongeza, na akaeleza yote: maua, mizinga, matope, mpunga wa wakwe zake. Alieleza kwa utulivu, kama anayetoa ushahidi barazani. Nilitegemea mwalimu acheke. Hakucheka. Alitoa kipande cha chaki mfukoni akakizungusha kidoleni.

"Mzee, hayo mimi nayajua," alisema. "Likizo iliyopita tulienda mbugani na walimu wenzangu. Viboko nimewaona kwa macho haya, kwenye tope, nimeziba pua. Lakini mtoto wako akifika kidato cha nne, mtihani wake hautasahihishwa na mimi. Utasahihishwa na mtu asiyemjua, amekaa mezani mji wa mbali, ana kalamu nyekundu na rundo la karatasi, na ana njaa. Msahihishaji huyo hajawahi kufika Mpanda. Akikuta kiboko yuko kwenye matope hatauliza ni mwezi gani. Anakata."

"Hata kama ni kweli?"

"Mzee, yeye ataujulia wapi ukweli wa huku?"

Nikaona kidevu cha baba kinatikisika kidogo, kama anavyofanya akipima uzito wa ndoo kwa mkono. "Kumbe ni kama msituni," alisema.

Sasa ilikuwa zamu ya mwalimu kutoelewa, na baba akamweleza jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua kwa aibu. Kambini kwao warina asali, maneno mengine hayatamkwi. Simba haitwi simba, anaitwa bwana mkubwa. Ukienda kurina husemi unaenda kurina, unasema unaenda kusalimia, na asali yenyewe haitajwi. Likizo moja baba alinichukua kwa nguvu nikaone dunia. Tulipofika chini ya mzinga wa kwanza nikapiga kelele, "Asali ile!" Wazee wawili waliweka kamba zao chini, siku hiyo hakuna aliyekwea mti tena. Walikula ugali wananitazama kama mvua isiyo ya msimu wake.

"Neno lake lilikuwa la kweli," baba alimwambia mwalimu. "Asali ilikuwepo. Ila hakujua nani anasikiliza."

Mwalimu akacheka sasa, akampa baba mkono. Njiani kurudi, tulipovuka soko, baba alinigeukia. Kisha: "Saba ni ileile. Tabora haijahama."

Kwa hiyo nikaanza kumtafuta huyo msahihishaji. Sikuwa na mahali pengine pa kumtafutia isipokuwa jikoni, nikisaidiwa na dada, ambaye alikuwa ameishia kidato cha pili na alijifanya hajali Kiingereza lakini hakuweza kukaa mbali na mchezo wowote wa kumsema mtu.

"Ana kitambi?" nilimuuliza.

"Anacho. Na friji. Maji yake yanatoka kwenye ukuta."

"Kiboko amemuona wapi?"

"Kwenye kalenda. Yuko ndani ya maji, anatabasamu."

"Mvua ikinyesha anafanya nini?"

"Anafungua mwavuli. Wewe ungeandika nini?"

"Ningeandika anakinga ndoo."

"Umekatwa. Tabora hiyo, mwali, kafunge mizigo."

Tuliendelea hivyo wiki nyingi. Dada anatoa sentensi, mimi nauliza yule bwana anaishije, halafu najaza. Alipata mke ambaye hakuwahi kuchota maji, akapata mbwa anayelala ndani ya nyumba, akapata na watoto wawili waliokula mkate asubuhi bila kugombana. Mama alimuonea huruma. "Mtu hana hata shamba," alisema. Kilichonishangaza ni kwamba kila tulivyozidi kumtengeneza, mapengo yalizidi kuwa mepesi. Majaribio ya Ijumaa yakapanda: tano, sita, sita, mara moja nane. Nilianza kuhisi namjua mtu huyo kuliko wajomba zangu. Na nilijiuliza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kama kuna mahali mtoto fulani amekaa jikoni kwao anajaribu kutujua sisi ili apate saba. Dada akasema hakuna, nisijidanganye.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuja na joto lake. Karatasi zilichapwa kwa mashine ya kuzungusha, zikanuka spiriti, maneno ya pembeni yamefifia. Nilijaza moja baada ya nyingine nikimfikiria bwana wangu mwenye friji. Sentensi moja iliuliza maziwa tunayatunza kwenye nini. Kwenye boksi kulikuwa na "fridge" na kulikuwa na "gourd", kibuyu. Nikawaona majirani zetu Wasukuma, vibuyu vyao vimening'inia ukutani vinanukia moshi, maziwa yamegandia humo matamu, na mkono wangu ukaandika kibuyu kabla sijauzuia. Sikufuta. Nyingine mbili sikuwa na uhakika nazo hata kidogo, moja ilihusu theluji. Nikahesabu: sita nilizozijua, tatu zimeshaenda. Ikabaki ya kumi.

Ilisema "The train from Tabora is usually", kisha pengo. Treni ya kutoka Tabora kwa kawaida ikoje? Boksi lilikuwa na "late", yaani inachelewa, na lilikuwa na "punctual", yaani inafika kwa saa yake.

Nikamuita bwana wangu. Akaja haraka, amevaa saa ya mkononi. Treni za kwao zilifika kwa wakati, abiria wakakunja magazeti wakashuka. Jibu lake lilikuwa wazi. Nikashusha kalamu.

Kisha nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa anatembea katikati ya madawati, anajipepea kwa daftari. Muhula ule alikuwa amerudi kutoka likizo siku nne baada ya shule kufunguliwa, vumbi mpaka kwenye kope, na alituambia kwa Kiswahili, bila kujali kanuni yake mwenyewe ya Kiingereza tu, kwamba kwa kuisubiri treni, stesheni ya Kaliua ameijua jiwe kwa jiwe. Mtihani wa mwaka huu si aliutunga yeye? Na atakayeusahihisha si yeye?

Nilikaa na hilo pengo mpaka jasho likadondoka kwenye karatasi. Kama nimekosea, Januari mimi ndiye ningekuwa ndani ya hiyo treni. Nikaandika "late".

Karatasi zilirudishwa siku ya kufunga shule. Mwalimu alisimama mbele, hajafurahi. "Karibu nusu ya darasa mmeandika treni inafika kwa saa yake," alisema. "Nyie mnaishi Mpanda hii hii?"

Darasa likacheka. Mimi sikuweza kuvumilia, nikanyoosha kidole. "Lakini mwalimu, si ulisema msahihishaji hajawahi kufika Mpanda?"

"Huyu amefika," alisema, akivuta kola ya sweta lake. "Tena kwa tabu."

Nilikuwa na saba.

Nilikimbia mpaka nyumbani, jambo ambalo mguu wangu hauna mazoea nalo. Baba alikuwa uani anakaza kamba za mzinga. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, ingawa alichokuwa anakisoma ni namba ile moja tu.

"Hizi tatu ulikosa nini?"

Nikamwambia habari ya theluji. Akaipungia mkono ipite. Nikamwambia habari ya kibuyu, akaguna kwa hasira, akiwa upande wangu. Nikamwambia habari ya treni, na jinsi nilivyomtazama mwalimu kwanza. Hapo akaweka kamba chini.

"Kwa hiyo huendi," alisema.

"Siendi?"

"Uende kufanya nini? Saba si hiyo hapa?" Kisha, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka: "Hilo neno la treni linatamkwaje?"

Nikamtamkia. Akalirudia polepole, akalionja, akalirudia tena. Halafu akageuza uso kuelekea jikoni, ambako moshi ulikuwa bado haujaanza hata kutoka.

"Mama nanihii!" aliita. "Ugali leo uko leti!"

"Uko nini?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Muulize mwanao," baba alisema. "Atakuwepo."