Nyumba ya Edelmira Yavuka Maji

Rosamel Nahuelquín aliuza kiwanja cha marehemu baba yao siku ya Jumanne, dada yake Edelmira akiwa ufukweni anachuma mwani. Hati ilikuwa na jina la Rosamel peke yake. Hakulazimika kumwuliza mtu. Mnunuzi alitoka mji mkuu, Santiago. Alitaka kujenga vibanda vya wageni pale kilimani, ambapo mawingu yakipasuka unaiona volkano ya Corcovado na theluji yake ng'ambo ya ghuba.

"Nyumba tutaiacha, mama," alimwambia Edelmira. "Wageni watanywea kahawa humo. Wewe hama kabla mwezi haujaisha."

"Umenunua udongo," Edelmira alijibu. "Mbao ni zangu. Naondoka nazo."

Mnunuzi alicheka. Hakuwa mtu wa Chiloé, kisiwa ambako nyumba huhamishwa nzima nzima.

Kwa miaka thelathini na minane Edelmira alikuwa ameishi humo, akikausha mwani na kufuga kondoo, akibadilisha vigae vya mbao vya kuta kimoja kimoja kadiri mvua ilivyovila. Sasa alizunguka kijijini kuomba minga, kazi ya pamoja ya kuikokota nyumba. Mwenye nyumba huomba kwa kinywa chake, majirani huleta maksai, halipwi mtu, wote hulishwa. Mlango mmoja tu aliupita bila kubisha: wa Rosamel, mwenye jozi ya maksai yenye nguvu kuliko zote kisiwani.

"Bila wale hatufiki majini," alionya jirani yake, Custodio Huenchur.

"Basi tutavuta kwa meno."

Siku ya minga waling'oa madirisha na mlango, wakafunga magogo ya kutelezea chini ya sakafu. Jozi kumi na moja zikaiteremsha nyumba hadi ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Mashua ilisubiri kuikokota hadi kisiwa cha pili, kwenye kiwanja cha marehemu mumewe. Hatua sitini kabla ya kufika penye kina, nyumba ikazama katika matope. Maji yakaanza kujaa. Pale ilipokwama yasingeinua kitu. Yangeipiga ubavuni mpaka mbao ziachane.

Ndipo Rosamel akatokea na maksai wake.

"Sikukuita," Edelmira alisema.

"Najua, dada. Niache tu nifunge nira, nivute."

"Asiyeombwa havuti. Ukitaka, omba wewe."

Maji yalifika magotini mwa maksai.

"We mama, nyumba inakwenda!" Custodio alipiga kelele.

"Iende."

Rosamel akavua kofia. "Dada, naomba nikuvutie nyumba."

"Paza sauti. Mnunuzi wako yuko kule kilimani, hajasikia."

Akapaza sauti, shingo imemwiva.

"Haya, funga nira."

Nyumba ililia kama mnyama, ikachomoka, ikateleza hadi kwenye kina, ikaelea. Edelmira alivuka akiwa ndani yake, amesimama pale palipokuwa na mlango, maji yakimlowesha viatu.

Jioni, kwenye kisiwa cha pili, walifukua shimo la mawe ya moto na kupakua kome, nyama ya nguruwe na viazi. Rosamel akasogea mezani.

"Na mimi nikae wapi?"

Edelmira alimjazia sahani hadi ikafurika, akampa.

"Wewe utakula umesimama."