Dakika Kumi na Mbili za Muuza Mayai

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi, maji ya sufuria yanaanza kutokota. Mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, anainua mkono wa kushoto na kuisoma saa yake kwa sauti. Hamsomei mtu. Uani hakuna mwingine ila mkewe, aliyekaa kizingitini na trei ya mayai mapajani.

Mkewe analigeuza kila yai kwenye mwanga kabla ya kuliweka kwenye beseni, tayari kwa sufuria ya pili. Matatu amekwisha kuyatenga kwa sababu yana ufa. Hayo hayatauzwa, hata kwa nusu bei.

Seremala wa chumba cha pili anatoka akiwa na haraka ya kwenda kazini. Anaomba aopolewe mawili ale njiani.

"Bado dakika tano," mzee anamwambia.

"Mzee wangu, tumbo langu hili linasaga misumari."

Mzee haondoi macho kwenye saa. Seremala anasubiri kidogo, anacheka peke yake, kisha anaondoka bila yai.

Mtaani wanamwita Dakika. Wengi wanaoliita jina hilo wanadhani ni utani wa mzee mwenye taratibu zake. Wachache wanaojua lilikotoka hawalitamki mbele ya mkewe.

Ana miaka hamsini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia nje ya lango la kiwanda cha nguo, ndoo ya mayai ya kuchemsha mkononi, chumvi na pilipili ya unga kwenye vikopo viwili. Wateja wake ni washonaji wanaotoka saa sita mchana na kupewa nusu saa ya kula. Miaka ya mwanzo mkewe ndiye aliyekuwa akichemsha. Yeye kazi yake ilikuwa miguu na mdomo.

"Mke wangu alikuwa hatazami saa," anasema. "Alikuwa anasikiliza. Mayai yakigongana kwa namna fulani, anaepua. Mimi nilidhani ni kazi rahisi."

Miaka minne iliyopita, mama mkwe wake aliugua na mkewe akasafiri kwenda kumuuguza. Siku ya tatu ya upweke huo, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mkaa ulilowa. Mzee alipuliza jiko mpaka macho yakawa mekundu, na maji yalipoanza kuchemka, saa sita ilikuwa inagonga mlango.

Aliepua.

Anasimulia sehemu hii polepole, akitazama mikono yake. Alijua hayajaiva sawasawa. Alijiambia kwamba yataendelea kuiva ndani ya ndoo kwa joto lake, akaifunga kwa taulo na kukimbia nayo. Siku hiyo aliuza mayai arobaini na moja.

Mteja mmoja alilimenya la kwanza, likamtiririkia vidoleni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mshonaji wa vifungo, mwenye mwili mdogo na kicheko kikubwa. Mzee aliona haya, akataka kumrudishia hela. Binti alikataa. Alimwambia kwamba yeye huyapenda hivyo hivyo, laini, akala mawili na kulamba vidole.

"Alikuwa ananistahi mzee wa watu," anasema. "Sijui. Labda kweli aliyapenda."

Kesho yake washonaji wanane hawakufika kazini kwa kuhara na kutapika. Saba walipona ndani ya juma moja. Yule binti alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, na hospitalini daktari aliwaeleza ndugu zake kwamba vijidudu vinavyomsumbua mwingine kwa siku mbili vinaweza kupenya kwenye damu ya mtu wa namna hiyo na kummaliza. Alifariki siku ya tisa.

Polisi walimshikilia mzee kwa siku sita. Wakati huohuo pipa la maji ya kunywa la kiwandani lilipimwa, nalo likakutwa na uchafu. Wanane hao walikuwa wamekunywa maji hayo, na si wote waliokula mayai. Ushahidi haukusimama upande wowote. Aliachiwa bila mashtaka, na kiwanda kikanunua pipa jipya.

Wapo waliomwambia kwamba Mungu amemtoa. Yeye hakuhisi kutolewa popote.

"Mtu akiniambia ni maji, nakubali. Nikilala, ni mayai," anasema. "Watu wananiletea ile ya haraka haraka haina baraka. Hiyo wafundishwe watoto shuleni. Mimi niliharakisha, na aliyekosa baraka ni mtu mwingine."

Kwa miezi mitano hakugusa sufuria. Alibeba matofali kwenye ujenzi mpaka mgongo ukamgomea. Mkewe alikuwa amerudi; walikula bila kutazamana. Mwishowe mkewe ndiye aliyesema kwamba hawawezi kuishi hivi, lazima aende kwa mama wa marehemu, iwe heri au iwe shari.

Alikwenda na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, mtu anayejua kuzungumza mbele za watu. Shemeji alikuwa ameandaa maneno ya kutosha kuanzia mlangoni hadi jioni.

Mama wa marehemu aliwakaribisha kwenye chumba kimoja chenye vitanda viwili, kimoja kimetandikwa na hakilaliwi. Aliwapa viti. Shemeji alipoanza na salamu za pole, yule mama alimwomba radhi na kumnyamazisha, kisha akamgeukia mzee.

"Uliyachemsha kwa muda gani?"

Mzee anasema alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Swali hilo hakulitarajia.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sikuangalia saa."

Shemeji, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, naye aliinamisha kichwa. Kisha mama akasema, "Basi nenda ukajue. Ukishajua, njoo uniambie."

Hawakupewa neno jingine.

Wiki hiyo mzee alikwenda zahanati kumwona bwana afya. Alielezwa asiweke yai lenye ufa, aoshe mikono kabla na baada, ahesabu kuanzia maji yanapochemka na si yanapowekwa motoni, na asiepue kabla ute na kiini havijashikana kabisa. Kwa sufuria yake kubwa na moto wa mkaa usiotulia, bwana afya alimshauri ajipimie mwenyewe.

Akajipimia. Aliazima saa ya mkononi, akatia mayai kumi na mawili, akawa anaopoa moja kila dakika na kulipasua kwenye sahani. La dakika ya tatu ute wake ulikuwa kama makamasi. La sita lilidanganya: nje gumu, ndani kiini kinamwagika. La tisa lilikuwa na doa bichi katikati, dogo kama punje ya mtama. Mkewe alisimama nyuma yake akitazama sahani hadi ya mwisho.

"Hapo ndipo nilipolia," mkewe anasema, akiwa bado kizingitini. "Miaka yote ile mimi nilikuwa nasikiliza tu. Watu wakanisifu kwamba nina mkono. Kumbe nilikuwa na bahati."

Walirudia jaribio hilo mara nne, kwa mkaa mkavu na mkaa uliolowa. Kisha mzee akarudi kwa mama wa marehemu, safari hii peke yake.

Alimkuta akifua. Hakukaribishwa kiti, naye hakukitafuta. Alisimama kando ya beseni, kofia mkononi.

"Dakika kumi na mbili, mama. Tangu maji yanapochemka."

Yule mama aliikamua nguo aliyokuwa nayo, akaikung'uta, akaianika. Alizinyoosha pembe zake moja moja.

"Kumi na mbili," alisema. "Si nyingi."

Mzee anasema maneno hayo mawili yalimwingia kuliko siku zote sita za mahabusu. Hakusamehewa na hakulaaniwa. Aliaga, akaenda zake, na Jumatatu iliyofuata akawasha jiko.

Biashara haijarudi kama zamani. Aliyekuwa akimaliza trei mbili kabla saa saba haijatimu sasa humaliza moja, siku nyingine haimaliziki. Faida ya trei hiyo haitoshi mikate miwili, na mkaa umekuwa ukila hela zaidi kwa sababu moto lazima ukae. Mlinzi wa lango bado hamruhusu kusimama upande wa kiwanda. Huuzia ng'ambo ya barabara. Washonaji wapya hununua kwake bila kujua. Wa zamani huvuka wachache, na wengine humsalimu kwa mbali, kwa heshima, wakaendelea na safari.

Halaumu. Anasema na yeye angekuwa mshonaji angepita mbali.

Anachokitaka sasa ni jiko la gesi la moto mmoja. Si kwa ajili ya nyumbani. Anataka alisimamishe palepale barabarani, sufuria mbele ya wateja, na saa kubwa ya ukutani itundikwe kwenye nguzo ya mwavuli wake. Ameshapata mwavuli. Mtungi ndio umebaki, na anakadiria kuufikia kabla mwaka haujaisha, mgongo ukiruhusu.

Seremala alishamwambia kwamba watu wenye nusu saa ya chakula hawatakaa kutazama maji. Mzee analijua hilo.

"Watakaosubiri wasubiri," anasema. "Sitaki mtu aniamini tena. Nataka asimame hapo, aone yanapoanza kuchemka, ahesabu mwenyewe."