Nilimsajili Baba Mkwe Kwenye Kodi Kimyakimya, Sasa Anafukuzwa Fundi

Admin, ficha jina langu. Musoma iache tu, nimechoka kukaa na hili jambo peke yangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu. Nauza vipuri vya pikipiki hapa mjini, kwenye fremu ya baba mkwe wangu. Mzee ni mfugaji, anaishi Butiama, na fremu zake mbili alizijenga kwa kuuza ng'ombe. Moja nimepanga mimi. Ya pili yuko fundi cherehani, nimwite Fundi Shabani, aliyenitangulia pale miaka mingi.

Mwaka jana nilipokwenda kukadiriwa, dada wa ofisi ya kodi akaniuliza kama huwa nalipa kodi ya zuio ya pango. Nikamwambia sijawahi kuisikia. Akanieleza kwamba mpangaji wa biashara anatakiwa kukata sehemu ya pango na kuipeleka serikalini kwa jina la mwenye fremu, kwa hiyo nilete TIN yake, ile namba ya mlipakodi. Jamani, nimkate baba mkwe? Nimpelekee pango pungufu na karatasi juu? Nikaona bora ile sehemu nitoe mfukoni mwangu, yeye apate yake kamili. Lakini TIN alikuwa hana, na nikimwambia akachukue atauliza ya nini.

Namba yake ya kitambulisho cha NIDA nilikuwa nayo, maana laini yake ya simu nilimpeleka mimi kusajili. Nikakaa nikaijaza ile fomu mtandaoni. Maswali ya kuthibitisha kuwa ni yeye yalipokuja nikamwuliza mke wangu jina la bibi yake mzaa baba. Nikamaliza, na kwa ujinga wangu nikaweka namba ya simu ya mzee mwenyewe.

Wiki iliyopita akapokea ujumbe wa kumkumbusha kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya pango. Akasomewa na mwalimu jirani yake. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa duka langu na fimbo mkononi, hata chai alikataa.

"Nani kanipeleka kwa watu wa kodi? Mimi sijawahigi kusumbuana na serikali!"

Mzee akanigeukia, "Wewe siwezi kukushuku. Ulinitolea ng'ombe, wewe ni mwanangu." Halafu akamnyooshea fimbo Shabani, aliyekuwa ametoka kwenye fremu yake kusikiliza. "Ni huyu. Si ndiye alikuwaga ananisumbua nimwandikie mkataba?"

Shabani alisema tu, "Mzee, hata NIDA yako mimi sijawahi kuiona." Kisha akaniangalia. Ni yeye niliyemlalamikia siku ile niliyotoka ofisi ya kodi. Alijua, na hakusema. Mimi nilijifanya napanga tairi.

Amepewa mpaka Jumamosi awe ametoka. Mke wangu ananiambia, "Nyamaza baba nanii, baba akijua tutahama sisi, na mimi nitaanzaje kwenda kwetu?" Nampenda mke wangu, lakini sili, na nikisikia ile cherehani upande wa pili natoka nje nazunguka stendi bila sababu. Najiona mwoga kabisa.

Jana jioni Shabani akaja dukani. Nikajua leo ndio leo. Kumbe alikuwa ameleta simu yake.

"Mdogo wangu, nimepata kibanda kule Bunda, na wanasema TIN lazima nibadilishe sehemu ya biashara. Nijazie, si wewe ndio unajuaga haya mambo?"

Nikaishika simu yake. Akakaa kwenye benchi kunisubiri, akasema taratibu, "Wakiuliza kwa nini nahama, andika unavyojua."

Nilimwambia mtandao unasumbua, arudi kesho. Haukuwa unasumbua.

Nyie mnaosoma, niende Butiama nikamwambie mzee ukweli nihatarishe fremu na amani ya mke wangu, au niijaze hiyo fomu ninyamaze? Nisemeni hata kwa ukali, Shabani yuko njiani anakuja.