Sabuni Kwenye Matundu ya Pikapu

Wangila ana ugonjwa mmoja, nao hautibiki: anapenda mahali pasipoonekana. Mpe gari lililogongwa, na badala ya kuangalia mlango uliobonyea kama binadamu wengine, atalala chali kwenye gunia, atoe tochi, aanze kuchungulia ndani ya vishimo ambavyo mwenye gari mwenyewe hajui kama anavyo. Akiibuka huko uso umejaa vumbi, anatabasamu. Mimi nauza chai na githeri ya mahindi na maharagwe ubavuni mwa karakana yake hapa Kitale, na tabasamu hilo nimeliona mara nyingi kuliko la mume wangu. Linanikasirisha.

Linanikasirisha kwa sababu likitokea tu, sufuria yangu inaondoka. Wangila huyeyushia nta humo. Anaiweka nta ya nyuki ndani ya mkebe, anauchomeka mkebe ndani ya sufuria yangu yenye maji ya moto, anachanganya na mafuta ya injini, kisha anakuja kuniapia kwamba nta haijagusa sufuria. Haijagusa! Kuna wakati vijana wa bodaboda walikunywa chai yangu wiki nzima wakiniuliza nimeanza lini kufuga nyuki.

Siku moja nilimuuliza mbona hafanyi kazi kama mafundi wengine wa bodi: kata, choma, paka filla ya kuziba mashimo, piga rangi, nenda nyumbani. Nilijiletea balaa. Alinisimamisha pale hadi maharagwe yakaungua. Alinieleza kwamba bati likichomelewa, moto unakula rangi pande zote mbili. Upande wa nje utaupiga msasa na rangi, kila mtu auone. Upande wa ndani, ule uliofichika kama ndani ya bomba, unabaki uchi na hakuna mkono unaofika. Unyevu ukiingia humo, kutu inaanza kula kutoka ndani kuja nje, na siku utakapoiona ikitoboa rangi, ujue imeshashiba na inapangusa mdomo.

Ndiyo maana kabla ya kuchomelea anapaka primer ya zinki, rangi ya kwanza ya chini, pale mabati mawili yanapolaliana, ile inayovumilia moto. Akishamaliza na bati likapoa, anapuliza nta humo ndani kwa pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, ambayo ameifungia mpira mwembamba mrefu uliotobolewa ncha kwa sindano ili urushe kila upande. Na lazima ayaache wazi yale matundu madogo ya chini, maana maji yataingia tu utake usitake, kwa hiyo afadhali yawe na njia ya kutokea.

"Sasa hiyo nta yako ni nani ataiona?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema, na tabasamu lile likatoka.

Wateja hawana subira na mambo hayo. Mtu akileta gari katikati ya wiki, anataka Jumapili ling'ae mbele ya kanisa, hata kama ndani limeoza. Wangila anamwambia rangi ingoje, kwanza ndani. Wengine hununa wakahama, wakapelekea gari mafundi wa haraka, na mvua zikipita mara mbili tatu unawaona wanarudi wakitembea polepole, wakijifanya wamekuja kunywa chai kwangu.

Mtu mmoja tu duniani ndiye anayeweza kumfutia Wangila tabasamu, naye ni mama mkwe wake, Mama Wilkista wa Kabuchai, anayeuza vitunguu na kuku katika soko la Sirisia. Wangila ni Mbukusu, na kwao mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawabanani njiani. Mimi ni mtu wa mlimani, wa Elgon, na kwetu pia tunawaheshimu wakwe, lakini sijawahi kuona mtu mzima akiruka ua wa miiba kwa sababu mama mkwe amejitokeza kwenye kona. Wangila aliruka. Mimi ndiye niliyemtoa miiba.

Sasa, Mama Wilkista ana pikapu. Ilikuwa ya marehemu mumewe, mzee Wanyonyi, aliyeinunua kwa jasho la tumbaku kule Malakisi, na ndiyo inayompeleka sokoni. Mwaka jana ukingo wa chini ya milango, pale unapokanyaga ukipanda, ulikuwa umeoza hata kuku akawa anapitisha mguu nje. Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu akaja kutoka Bungoma mjini, akaigongagonga kwa kiatu, akasema yuko tayari wakati wowote. Mama akamwita binti yake Fridah, mke wa Wangila, akamwambia apeleke ujumbe. Mumewe atengeneze. Ikioza tena, pikapu inakwenda kuyeyushwa, na asiwepo tena mtu wa kumwambia ati kule Kitale ana mkwe fundi.

Wangila alipopokea ujumbe huo hakula githeri yangu siku hiyo. Mama huyo bila pikapu hana soko, na yeye angekuwa mkwe aliyemzika mzee Wanyonyi mara ya pili. Nilimwonea huruma kweli, nikampa sufuria kabla hajaiomba.

Alipokata ule ukingo wa zamani alikuta ndani filla tele, gazeti lililokunjwa, na soksi moja. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameziba shimo kwa nguo yake mwenyewe, akapaka rangi juu, akaenda zake. Wangila aliibeba soksi ile kwa koleo, akazunguka nayo mtaa mzima akiuliza ni fundi gani anayetembea na mguu mmoja wazi, hadi habari ikafika Kabuchai kupitia Fridah. Kisha akaanza kazi, na sikuwahi kumwona akifanya kazi vile. Alikwangua hadi bati likawa jeupe, akapaka zinki, akachomelea kipande kwa kipande akingoja kipoe, akapuliza nta mpaka ikachuruzika kwenye matundu. Hata ndani ya nguzo za milango alipuliza, mahali ambapo hakuna aliyemwomba aguse.

Barasa, kaka ya Fridah, ndiye aliyekuja kuichukua. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kumpigia mama mkwe simu na kumwambia fanya hivi, usifanye vile, ni kumwamuru, na mkwe haamuru. Kwa hiyo Wangila alimweleza Barasa: itadondosha matone ya nta kwa siku chache, ni kawaida, na matundu ya chini yasizibwe hata kidogo. Barasa aliitikia kila neno huku sikio moja liko kwenye mpira redioni. Alipofika Kabuchai alimwambia mama yake, "Imepona," akauliza chakula kiko wapi.

Jumapili ile Mama Wilkista aliegesha pikapu yake mpya mpya katika ua wa kanisa, juu ya sakafu ambayo akina mama walikuwa wameisugua Jumamosi. Ibada ilipoisha alikuta matone ya kahawia yamejipanga chini ya milango, na akina mama wameyazunguka wakisikitika kwa sauti kubwa. Aibu ikampanda. Na huku kwetu kila dereva anajua tangi likivuja unafanya nini: unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unakiponda, unaziba. Alinunua mche mzima. Hakuacha tundu hata moja.

Halafu mvua ikaja.

Tulipata habari kwa Fridah, aliyekuwa anacheka na kulia. Pikapu ilikuwa inateremka kutoka Sirisia na akina mama watatu wa kwaya, na kila breki ikikanyagwa, maji yanasikika yakikimbia mbele ndani ya ule ukingo wa chini ya milango. Ikipanda mlima, yanarudi nyuma. Mmoja wao aliuliza kama siku hizi Mama Wilkista anasafirisha maziwa kwa njia ya siri. Mama hakucheka. Alisema maji hayawezi kuingia kwenye chuma kizima, kwa hiyo mkwe wake amechomelea chujio. Amemwita yule mtu wa vyuma chakavu, lakini kwanza anakuja Kitale, ili Wangila aione kazi yake kwa macho.

Alikuja asubuhi. Tuliisikia pikapu kabla ya kuiona, inachapwachapwa na maji kama mtungi. Wangila aliona ni nani aliyeshika usukani, akaangusha grenda, akavuka barabara mbio na kujisimamisha mlangoni mwa posho mill ya kusaga unga iliyo upande wa pili. Akabaki pale, kofia mkononi. Karakana yake mwenyewe!

Mama Wilkista alishuka, akanitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye Chepkorir?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi mwambie huyo mtu, hii maji imetoka wapi?"

Nikavuka. Wangila akaniita kwa jina la mwanangu, "Mama Noah, si umuulize kama kuna mtu ameziba hizo matundu?"

Nikarudi. "Mkwe wako anakusalimu sana, anakuombea afya. Anauliza kama matundu ya chini yamezibwa."

"Nimeziba mimi, na sabuni. Ilikuwa inamwaga uchafu kanisani! Rakini bana, gari gani inatengenezwa ikibaki na shimo?"

Nikavuka tena. Wangila alijishika kichwa, akasema mambo ya Barasa ambayo sikuyapeleka. Kisha akanieleza la kufanya. Nikachukua msumari mrefu, nikapiga magoti kwenye tope, mimi mpika chai, nikachokoa tundu la kwanza.

Maji yaliruka na povu. Nilichokoa la pili, la tatu, povu likajaa karakana, likafika kwenye jiko langu, na watu wa bodaboda wakaacha abiria wakaja kutazama pikapu ikijifua yenyewe. Mama Wilkista alisimama katikati ya povu hilo, viatu vya kanisani vimelowa.

"Anasema ilikuwa nta ya kuzuia kutu," nikamwambia. "Anasema ndani hakujaharibika."

"Anasema," akajibu. "Hata yule wa soksi alisema. Lete tochi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini yule mama alivua kitambaa cha kichwa, akanipa nikishike, akalala chali kwenye gunia la Wangila na kujisukuma chini ya pikapu hadi miguu tu ikabaki nje. Kule ng'ambo Wangila aligeuka akatazama ukuta, maana si heshima kumwona mama mkwe amelala. Posho mill ilizimwa. Mama alichungulia tundu moja, akahamia lingine, akang'oa vizibo vya mpira vya chini ya nguzo za milango, akaingiza kidole chote na kukivuta nje kikiwa na nta safi ya kahawia, bila chembe ya kutu. Alikitazama kidole hicho muda mrefu sana.

Alipotoka aliketi palepale chini. "Huku juu kwenye nguzo hakukuwa kumeoza," akasema. "Ni nani alimwambia apake huku?"

Sikuhitaji kuvuka kuuliza. "Hakuna, mama."

"Na hakujua kama nitaangalia."

"Hakujua."

Alijipangusa, akachukua kitambaa chake, akafungua mdomo kunituma, kisha akaghairi. Akaenda mwenyewe hadi ukingoni mwa barabara, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia, akimwita Wangila kwa jina la mwanawe.

"Baba Nehemiah! Kila nikija kwenu namvutanga Fridah kando, namuuliza kama unamtunza vizuri mkiwa nyinyi wenyewe, mahali mimi sioni. Sitamuuliza tena."

Mama alingoja, magari mawili yakapita, kisha akanigeukia na macho ya mtu anayetaka jibu lake. Nikavuka kulichukua. Nilimkuta bado ameutazama ukuta, analia kama mtoto, unga wa posho mill umeshikamana na machozi mashavuni, na nilipomgusa bega alitikisa kichwa tu.

Nikarudi nikamwambia mama mkwe kwamba mkwewe anamshukuru sana, na kwamba Fridah ataendelea kutunzwa vivyo hivyo. Akasema ameridhika.