Nywele Zangu na Moto wa Ijumaa

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, naandika polepole, na maneno yangu hayapendi kukaa juu ya mstari. Lakini nikisikia harufu ya ovakado iliyopondwa na yai bichi, hata kama niko sokoni Migori katikati ya watu, narudi pale pale: jikoni kwetu Masara, Ijumaa alasiri, msimu wa mvua ndefu nilipokuwa darasa la tano, nimekaa kwenye kigoda, kichwa kizito kwa ubaridi wa ule mchanganyiko.

Mama yangu, ambaye majirani walimwita Nyar Sindo kwa sababu alizaliwa Sindo kule ziwani, aliamini kwamba nywele ni kama shamba. Usipoulisha udongo, usingoje mavuno. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, alinifumua, akaniosha, akaponda ovakado mpaka ikawa laini kama uji. Alitia yai, utomvu wa mshubiri uliokuwa ukiota kando ya ua, na asali kidogo. Nikiilamba ile asali alinipiga kofi dogo mkononi: "Chovya chovya humaliza buyu la asali!" Alianza kupaka kwenye ncha, ambako nywele hukatika, akapanda taratibu hadi kwenye mizizi. Kisha alinivika karatasi ya nailoni ya mkate kichwani, akafunga juu yake taulo lililochovywa kwenye maji moto, akanisogeza karibu na jiko. "Nyathina, usitoke hapo," alisema, yaani mwanangu. "Joto ndilo linalofanya nywele zinywe." Kesho yake kanisani wamama walinivuta wazishike, nyeusi, laini, zinang'aa, nami niliona haya nikatazama viatu vyangu.

Sasa niseme habari ya lile jiko. Mama alikuwa akitafuta riziki kwenye dhahabu. Aliosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, akaukanda kwa mikono mitupu pamoja na zebaki, ile kama maji mazito ya fedha, ambayo hushika chembe za dhahabu. Kinachobaki ni kidonge cha kijivu, na hicho huchomwa ili zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Wenzake walichomea huko huko machimboni. Mama alichomea nyumbani, kwenye kijiko kikuukuu, mlango umefungwa ili watu wasione amepata nini. Na kwa kuwa makaa yalikuwa haba na Sabato haimngoji mtu, moto ulikuwa mmoja. Jiko lililopasha maji ya taulo langu ndilo lililochoma kile kidonge. Moshi wake ulikuwa mwembamba, hauna harufu yoyote. Mimi nilisikia ovakado tu.

Msimu ule mvua ilinyesha bila kuchoka, na hata dirisha tulilifunga. Kwanza Mama alianza kulalamika kwamba chai ina ladha ya sarafu. Alimwaga, akapika nyingine, akaimwaga nayo. Kisha ikawa mistari yangu. Mama alijulikana kwa kugawa nywele zikanyooka kama uzi wa fundi, lakini Sabato moja jirani yetu Mama Risper, mtu wa mizaha, alinigeuza kichwa mbele ya watu. "Nyar Sindo, hii ni mistari ama ni njia ya ng'ombe wakienda mtoni?"

"Ng'ombe wangu walikuwa na kiu," Mama akajibu, na watu wakacheka.

Wiki iliyofuata Mama Risper akasema, "Wuololo! Leo ng'ombe wamekunywa chang'aa!" Wakacheka tena. Lakini siku moja alikuja kwetu Mama akinisuka, akaona kitana kikiruka kutoka mkononi mwa Mama, kikanichoma shingoni, kikaanguka. Mama alikiokota, kikaanguka tena. Mama Risper alikuwa amefungua kinywa atoe mzaha. Akakifunga, akaaga.

Baada ya hapo watu walinong'ona kwamba ni chira, ugonjwa unaomwandama mtu aliyevunja mwiko. Mama alianza kukasirika kwa mambo madogo, kisha kulia. Na kila Ijumaa bado alifunga mlango, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili anipake ovakado bila kunitia machoni. Sikujua kwamba kuna kitu kilikuwa kikimchovya yeye, kidogo kidogo.

Dani, mama yake Mama, alikuja kutoka Sindo. Hakubishana na mtu kuhusu chira. Alitupeleka hospitali, kule Homa Bay. Daktari alimuuliza Mama kazi yake.

"Mkulima," Mama akasema.

"Nyumbani mnachoma nini?"

Mama akanitazama. Nililijua jicho lile. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nami nilikuwa mtoto asiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani. Lakini niliitazama mikono yake mapajani, ikirukaruka kama samaki waliotolewa majini sasa hivi.

"Tunapasha taulo la nywele," nikasema. "Na dhahabu. Moto ni mmoja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na wewe unakaa wapi wakati huo?"

"Karibu. Ili joto liingie."

Akatuambia ni moshi wa zebaki, ule usio na harufu. Dani akanivuta mapajani pake, ingawa nilikuwa mkubwa.

Mama aliacha dhahabu, tukahamia Sindo, na mpaka leo anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Mikono yake ilipoa kidogo, haikutulia. Sasa mimi ndiye ninayemtengeneza nywele siku ya Ijumaa, nje, penye upepo wa ziwa, na jiko ni la maji peke yake. Mchanganyiko ni ule ule, na bado ananigombeza nisipoanzia kwenye ncha. Kule Masara nasikia bado wapo wanaofunga mlango.

Ijumaa iliyopita nilimgawa nywele kwa mkia wa kitana, nikitumia uangalifu wangu wote. Alipitisha kidole kwenye ule mstari, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, polepole. Nilingoja aseme kitu kuhusu ng'ombe. Badala yake aliushika mkono wangu wenye kitana, akaukumbatia kwa mikono yake miwili, na sikuweza kujua ni mkono wa nani uliokuwa ukitetemeka.

Wewe unayesoma, kama nawe utotoni ulikalishwa karibu na moto wa namna ile, niandikie. Niambie mikono yako ikoje sasa. Mwandiko ukipinda, usione haya, nitausoma tu.